Niachie Mimi, Alisema Baba Nungunungu

Fundi makochi mmoja alifanya kazi miaka arobaini na mbili akiwa na misumari mdomoni. Ndiyo kazi yenyewe ilivyo. Mkono mmoja unavuta kitambaa, wa pili umeshika nyundo, na misumari inatoka mdomoni mmoja mmoja. Mtu wa namna hiyo hawezi kuwa msemaji. Mtaani walimwita Misumari, na wateja walizoea kujibiwa kwa kichwa.

Mkewe alisema kwa niaba ya wote wawili. Alipokea wateja, akapatana nao, akawasindikiza mpaka mlangoni. Kusoma pia ilikuwa kazi yake. Misumari hakwenda shule. Tarakimu alizijua, zile za kwenye futi ya kupimia. Yeye na herufi hawakuwahi kufahamiana.

Mkewe alifariki mwezi wa tatu. Baada ya hapo nyumba ilikuwa kimya kiasi kwamba siku moja jirani aligonga kuuliza kama kuna mtu ndani. Alikuwepo. Alikuwa anabadilisha sponji ya kiti.

Katika nyumba hiyo kulikuwa na kitabu kimoja tu cha watoto, cha picha, kuhusu familia ya nungunungu wanaojiandaa kwa Krismasi. Mkewe alikinunua mtoto wao wa pekee alipokuwa na miaka minne. Kila mwaka, siku moja kabla ya Krismasi, alasiri, keki ikiwa kwenye oveni, alikaa kwenye kochi la kijani na kukisoma kwa sauti. Kwanza alimsomea mtoto, baadaye mjukuu. Misumari alikuwa pembeni kwenye benchi lake, akimalizia kiti cha mteja aliyeahidiwa kuwa kitakuwa tayari "kabla ya sikukuu bila kukosa." Alisikia kitabu kile mara thelathini na moja.

Alikuwa na maoni yake kuhusu Baba Nungunungu. Alimwona mnyama mzembe. Kila Mama Nungunungu akimwambia, "Baba watoto, pima kwanza," yeye alijibu, "Hilo dogo, niachie mimi," halafu mambo yanaharibika. Alileta mti mrefu kuliko mlango. Akakata chini, ukapinda. Akakata juu, ukapinda upande wa pili. Mwishowe mti ulitosha kwenye kikombe cha chai. Alipuliza maputo ishirini, akayakumbatia yote kwa furaha, na miiba yake ikayapasua yote. Keki aliikalia.

"Aliyetunga kitabu hiki hajui mafundi," Misumari alimwambia mkewe mwaka mmoja, baada ya kutoa misumari mdomoni kwa ajili hiyo. "Fundi gani hapimi?"

"Sijui," mkewe alisema. "Labda alimwona mmoja mahali."

Tena hadithi ile ilikuwa inaongezeka. Mwaka huu kulikuwa na jambo ambalo mwaka jana halikuwepo. Misumari hakushangaa. Alidhani ndivyo vitabu vilivyo.

Sasa Krismasi ilikuwa imefika tena. Mwanawe alikuja na mkewe na binti yao wa miaka saba, waliyemwita Hakimu kwa sababu hakuna aliyekosea mbele yake akasalimika. Mwaka huo Hakimu alikuwa amejua kusoma. Alisoma pakiti za sabuni, alisoma mlango wa friji, alisoma chini ya sahani na chakula kikiwa bado juu yake.

"Baba," mkwe alimwambia Misumari taratibu, "mwaka huu tumwekee katuni tu. Usijisumbue na kitabu."

Yeye na mumewe walijua kuwa mzee hasomi. Hakimu hakujua.

Misumari alitazama kochi la kijani. Picha ya mkewe ilikuwa ukutani, lakini picha haisemi. Maneno yake yalikuwa yamebaki mahali pamoja tu, ndani ya kitabu kile. Mwaka mmoja ukipita bila kusomwa, na yeye miaka sabini na sita, yatakwenda.

"Niachie mimi," alisema.

Kitabu chenyewe kilikuwa hoi. Jalada lilikuwa limeachana na kurasa siku nyingi. Asubuhi hiyo Misumari alikipeleka kwenye benchi akakitengeneza kwa njia aliyoijua. Aliweka mbao nyembamba mbili, juu yake sponji ya inchi moja, akavika kitambaa cha maua kilichobaki kwenye kochi la mwalimu mkuu, na pembeni akapiga misumari ya shaba yenye vichwa vya mviringo, kumi na miwili kila upande. Kilipokuwa tayari, kilikuwa kitabu cha kwanza ambacho mtu angeweza kukikalia.

Hakimu alikigeuza huku na huku.

"Babu, jina la kitabu liko wapi?"

"Ndani ya sponji."

"Kwa nini?"

"Lisichubuke."

Alasiri mkwe alitia keki kwenye oveni. "Baba, mimi napiga pasi chumbani. Dakika arobaini zikitimia itolewe. Nimwambie mume wangu aangalie?"

"Hilo dogo," Misumari alisema. "Niachie mimi."

Akakaa kwenye kochi la kijani, upande wa mkewe. Lilikuwa gumu kuliko alivyodhani, na yeye ndiye aliyelitengeneza. Mdomoni hakukuwa na kitu. Ulimi haukujua ukae wapi. Akafungua ukurasa wa kwanza, akaona picha ya mti, akaanza kama alivyosikia mara thelathini na moja.

"Siku hiyo Baba Nungunungu alirudi na mti. Mama Nungunungu akamwambia, 'Baba watoto, pima kwanza.' Akajibu—"

"Babu." Kidole cha Hakimu kilikuwa kwenye karatasi. "Hapa hapajaandikwa hivyo."

"Pameandikwaje?"

"'Baba analeta mti. Mti ni mrefu.'"

"Halafu?"

"Basi. Nukta."

Misumari alifungua ukurasa wa pili. Hakimu alisoma: "'Baba anapuliza puto. Puto linapasuka.'" Nukta tena.

"Tazama nyuma ya karatasi," Misumari alisema.

"Nyuma ni ukurasa mwingine, Babu."

Miezi tisa tu, na tayari ameyapoteza maneno ya mkewe. Amechanganya kitabu na kitu kingine, au amekitengeneza mpaka maneno yamedondoka. Fundi anaweza kuharibu kitu kwa kukitengeneza, aliwahi kuona.

"Wapi anaposema 'niachie mimi'?" aliuliza.

Hakimu alipitia kurasa zote mpaka mwisho, kidole mbele, midomo ikitembea. Alichukua muda wake. Mahakama haikimbizwi.

"Hakuna," alisema. "Bibi alikuwa anadanganya?"

"Shika adabu," baba yake alisema kutoka mlangoni. Alikuwa amesimama hapo na kikombe cha chai, tangu lini haijulikani. Akaja akapiga magoti kando ya meza ndogo ya sebuleni ili aweke kikombe. Kila mtu alipiga magoti kwenye meza ile. Zamani ilikuwa meza ya kawaida. Ilikuwa inacheza mguu mmoja, Misumari akaupunguza, kisha akapunguza wa pili ili ulingane na wa kwanza, na hivyo hivyo mchana kutwa, mpaka mkewe alipomnyang'anya msumeno.

"Baba," mwana alisema, "nungunungu hakuikalia keki ile."

"Alikaa. Nilisikia."

"Uliikalia wewe. Nilikuwa na miaka sita. Mama aliiweka kwenye kiti ulichokuwa umemaliza kukivika, akaifunika taulo. Ukaja kujaribu kiti. Nililia mpaka Mwaka Mpya."

Misumari alitazama picha ya keki kitabuni. Nungunungu walikuwa wamesimama kuizunguka. Hakuna aliyekaa.

Akarudi ukurasa wa maputo. Yale maputo ya Krismasi moja aliyaweka yeye kwenye benchi, juu ya misumari, wapate nafasi ya kupita. Akarudi ukurasa wa mti. Kisha akatazama meza ambayo mwanawe alikuwa bado amepiga magoti mbele yake.

Alinyamaza. Safari hii hakukuwa na misumari ya kusingizia.

Mkwe alitokea chumbani na shati mkononi. "Kuna nini? Mbona kimya?"

"Mwanamke huyu," Misumari alisema. "Miaka thelathini na moja. Mbele yangu. Nilimwambia mnyama yule ni mzembe."

"Akasemaje?"

"Alikubali."

Mwana alianza kucheka, akaweka uso kwenye shati alilolishika mkewe, na baada ya hapo haikujulikana kama bado anacheka. Misumari alitoa leso akapangusa vichwa vya misumari ya shaba, kimoja kimoja, upande mmoja mpaka mwisho.

Hakimu hakuridhika.

"Kwa hiyo kitabu kimekosea," alisema.

"Hakikukosea," Misumari alisema. "Aliyekiandika hakuwepo."

Hakimu akafikiri. Akaenda kwenye mkoba wake wa shule akarudi na penseli aliyoichonga mpaka ikabaki kama kidole gumba. Chini ya kila picha kulikuwa na nafasi nyeupe kubwa, maana aliyekitunga alikuwa mchoyo wa maneno.

"Sema polepole," aliamuru. "Niko darasa la pili."

Misumari akasema. Siku hiyo Baba Nungunungu alirudi na mti. Hakimu aliandika, akafuta, akaandika. Baba watoto, pima kwanza. Mwana alikumbusha pale palipokuwa na kikombe cha chai. Mkwe alikumbusha jambo la pazia lililopigiliwa kwenye fremu ya dirisha, aliloambiwa na marehemu mwenyewe jikoni. Misumari hakujua kama hilo lilikuwamo hadithini. Alilikumbuka kama lilivyokuwa dirishani.

Hayakuwahi kusemwa maneno mengi hivyo kwenye kochi lile tangu mwezi wa tatu, na mengi yalitoka kwake. Alipofika ukurasa wa keki, taya zilikuwa zinamuuma.

Hakimu aliinua pua.

"Babu, ni nini kinanuka?"

Mkwe alitupa shati akakimbilia jikoni. Wakasikia mlango wa oveni ukifunguliwa, kisha dirisha. Moshi ulikuja sebuleni taratibu, kama mgeni aliyekaribishwa.

"Baba," mkwe aliita kutoka huko, kwa heshima zote. "Si ulisema nikuachie wewe?"

Misumari alitazama picha ya ukutani. Halafu akamsogezea mjukuu wake kitabu, akaweka kidole kwenye nafasi nyeupe iliyobaki.

"Andika na hilo," alisema.