Waliokula Unga wa Kinmuir

Siku ya kwanza kazini nilivaa suti ya marehemu baba, iliyonipwaya mabegani, nikaenda kuhudumia wafu wa watu wengine. Ofisi ilikuwa Roseville, katika jimbo la Minnesota huko Marekani, juu ya duka la mazulia, na mlangoni palikuwa na kibao cha shaba: Chama cha Ukoo wa Kinmuir. Kinmuir ni jina la Uskoti. Mimi ni mtu wa Tanga. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu na shahada ya historia, yaani nilikuwa na njaa, na ilikuwa miaka ya tisini, wakati chama cha ukoo bado kiliweza kumwajiri mtu wa kuchimbua mababu. Aliyenipokea, Mhariri Mkuu, alikuwa mjukuu wa Wanorwei, na hakuona ajabu yoyote. "Mtu wa nje ndiye anayefaa," alisema. "Hana babu wa kumpendelea."

Vijana wanaopata mababu kwa kubonyeza simu hawanielewi nikisema ilikuwa kazi ya macho na mgongo. Vitabu vya ubatizo, orodha za abiria wa meli na sensa za zamani vilipigwa picha kwenye mikanda ya filamu. Tuliizungusha mikanda ile kwa mkono ndani ya mashine yenye taa, mwandiko wa makarani waliokwisha kufa ukipita mbele yetu kama siafu wanaohama. Ukiuzungusha mkanda kwa pupa unapata kichefuchefu. Siku ya kwanza niliuzungusha kwa pupa.

Mhariri Mkuu alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, hakuna jina linaloingia kwenye mti wa ukoo bila mashahidi wawili, na shahidi kwetu ni karatasi ambayo haikunakiliwa kutoka kwa karatasi nyingine. Ya pili, jina si damu.

"Usinichoree watu wote hawa kama watoto wa baba mmoja," alinionya. "Zamani huko Uskoti, bwana wa bonde la Kinmuir alipotaka watu wa kumpigania, aligawa unga wakati wa njaa. Aliyekula unga alichukua jina. Nusu ya akina Kinmuir ni watoto wa unga."

Mwenyekiti wa chama aliipenda sana hadithi hiyo. Alikuwa wakili wa Eden Prairie, mrefu, mpole, na kila karamu ya mwaka alivaa ile sketi ya mirabaraba ya wanaume wa Kiskoti, akainua glasi na kutangaza, "Babu yangu mimi alikula unga!" Ukumbi mzima ukacheka mpaka machozi.

Somo la tatu sikufundishwa na mtu. Minnesota neno "hapana" halitamkwi. Ukiwapikia pilau wakasema ladha yake ni ya kipekee, usiwapikie tena. Ukiomba kitu wakakujibu "tutalifikiria", jambo hilo limeshaoshwa na kukafiniwa. Mimi niliomba kiti kipya cha ofisi, wakasema watalifikiria, nami nikakaa majira yote ya baridi nikimsubiri fundi.

Niliishi na Abdalla, Mmombasa aliyeendesha teksi, ambaye asubuhi nyingi alinipeleka kazini akinisimanga njia nzima. "Yakhe, umevuka bahari kuja kuhesabu mababu wa wazungu! Wako umeshawamaliza? Mtaje babu wa babu yako, nakushusha Roseville bure."

Sikuwahi kushushwa bure.

Basi tulikuwa tukitayarisha toleo jipya la kitabu cha historia ya jina, na sura kubwa ilikuwa ya Wenye Jina Mashuhuri. Ndani yake alikuwamo mwizi wa ng'ombe, tuliyemwita shujaa wa mpakani. Alikuwamo jaji aliyenyonga watu wengi, tuliyemwita mtetezi wa sheria. Alikuwamo nahodha aliyesafirisha watumwa, tuliyemwita mfanyabiashara wa baharini. Ndipo akaja Bi Loretta.

Alikuwa mwalimu wa shule huko Saint Paul, Mmarekani mweusi, na jina lake ni Kinmuir. Baba yake, Mzee Amos, alikuwa mhudumu wa mabehewa ya kulala ya treni maisha yake yote ya kazi. Aliwaunganisha wahudumu wenzake wakapata chama chao cha wafanyakazi. Mtaa wao ulipobomolewa kupisha barabara kuu, alipita nyumba kwa nyumba akiwatafutia majirani pa kuhamia, kabla hajajitafutia mwenyewe. Sasa alikuwa katika nyumba ya wazee, Apple Valley, moyo wake unachoka.

"Sitaki awe mkuu wa ukoo," aliniambia Bi Loretta. "Nataka aone jina lake limeandikwa mahali, angali na macho ya kulisoma. Pale tulipoishi pamekuwa lami."

Nikaanza kuzungusha mikanda, safari hii polepole. Mashahidi wawili nikawapata: sensa iliyofuata vita vya kuondoa utumwa, na kitabu cha ndoa cha kanisa. Babu yake Mzee Amos alikuwa mtumwa katika shamba la Kinmuir mmoja, na alipopewa uhuru alitoka na jina hilo, pengine kwa kuwa hakupewa kingine cha kutoka nacho. Damu haikuthibitika. Kwa lugha ya kazi yetu hilo ni tawi linaloning'inia: jina lina mashahidi, kiungo chake na shina hakina. Niliandika ukurasa. Mhariri Mkuu aliusoma, akavua miwani.

"Mzuri," alisema. "Watakataa."

"Watasemaje?"

"Hawatasema. Ndio ugumu wenyewe."

Mkutano wa halmashauri ulikuwa Jumamosi asubuhi, kahawa na vipande vya keki mezani. Bi Loretta alialikwa, akaketi karibu na mlango, mkoba magotini, koti hakulivua. Mimi nilikuwa mwandishi wa kumbukumbu za mkutano.

"Ni ukurasa wa kuvutia sana," alianza Mwenyekiti.

"Ni tofauti kidogo," alisema Mweka Hazina, akiitazama keki.

"Si kwamba kuna anayepinga," Mwenyekiti akaendelea. "Ni suala la ushahidi tu. Hili ni tawi linaloning'inia. Labda toleo lijalo. Tutalifikiria."

"Baba yangu hana toleo lijalo," alisema Bi Loretta. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeita mahudhurio darasani. "Na tawi lako wewe, Bwana Mwenyekiti, limeshikwa na nini?"

Alijibu Mhariri Mkuu, bila kuinua kichwa. "Unga."

Safari hii hakucheka mtu.

"Basi," Bi Loretta akasema. "Babu yako alikula unga wa Kinmuir. Babu wa baba yangu aliulima."

Mashine ya kahawa ikakohoa, ikanyamaza nayo. Nikamwona Bi Loretta anaukaza mkono kwenye mkanda wa mkoba wake, tayari kuinuka, na nikajua akishatoka nje ya mlango ule jambo litakuwa limekwisha, bila mtu kulimaliza.

Dada yangu alipoolewa, shekhe alikuja mpaka mlango wa chumba akamuuliza kama amekubali. Dada akainamisha uso. Shekhe akasubiri, kisha akasema, "Kanyamaza, karidhia," na wanawake wakapasua vigelegele. Hilo ndilo lililonijia, na mdomo wangu haukunisubiri.

"Bwana Mwenyekiti," nilisema, "nataka kuandika sawasawa. Kwetu mtu akiulizwa naye akanyamaza, ameridhia. Kwa hiyo nauliza: yupo anayeukataa ukurasa wa Mzee Amos?"

Shingo ya Mwenyekiti ikawa nyekundu. Ili kukataa, mtu alipaswa kutamka, mchana kweupe, mbele ya binti wa mzee, akiwa na keki mkononi. Kibali changu cha kuishi nchini kilisimama juu ya saini ya bwana yule. Nililijua hilo, naye alijua kuwa nalijua.

"Salimu," alisema polepole, "hiyo ndiyo desturi ya kwenu?"

"Ndiyo, Bwana Mwenyekiti."

"Hata katika jambo kubwa?"

"Hasa jambo kubwa. Hivyo ndivyo tunavyooza mabinti."

Bi Loretta akaguna, sijui kwa kicheko au kwa hasira. Mwenyekiti akamtazama, kisha akanitazama mimi, akafungua mdomo. Nikaiona tiketi yangu ya kurudi Tanga. Akaufunga.

Nikaandika: Wameridhia.

"Nani aongezewe kahawa?" akauliza Mhariri Mkuu.

Mwenyekiti hakunifukuza. Kumfukuza mtu nako kunahitaji kutamka. Kwa miaka mingi alinisalimu kwa kidevu tu, akasaini kila alichopaswa kusaini, nami nikabaki pale mpaka nilipostaafu, mapema, kwa sababu macho yalitangulia uzeeni kabla yangu. Kiti sikuletewa.

Sasa nimebaki na muda wa kujibu swali la Abdalla. Nimempata babu wa babu yangu, kwa shahidi mmoja tu, naye ni shangazi ambaye hukumbuka vizuri akishashiba. Mhariri Mkuu asingempitisha. Mimi nimempitisha. Nilichojifunza katika kazi ile ni kwamba watu hawatafuti mababu. Wanatafuta meza ya kukaribishwa. Nilikuwa na fahari na sentensi hii mpaka nilipokumbuka kuwa yupo aliyekaribishwa, nami nilikuwapo.

Miaka ile, kitabu kilipotoka kiwandani, Abdalla alinipeleka Apple Valley bila kuwasha mita. Mzee Amos alikuwa ameketi kitandani, amevaa tai. Hakwenda kwenye ukurasa wake. Alianza mwanzo wa sura, lenzi mkononi, binti yake akimshikia kitabu.

"Huyu shujaa wa mpakani. Ng'ombe walikuwa wake?"

"Hapana, Mzee."

"Ahaa."

Kwa jaji alitikisa kichwa. Kwa nahodha alikaa muda mrefu, akiitazama picha ya meli. Kisha akafika kwake. Akasoma mpaka mwisho, akarudi juu, akaweka kidole chini ya jina lake na kukiacha pale.

"Loretta anasema mabwana hawa wamekubali niwe mtu wao," alisema hatimaye.

"Ndiyo, Mzee."

"Walitamka?"

"Walinyamaza."

Alicheka mpaka muuguzi akachungulia mlangoni. Alipotulia alikifunga kitabu, akakiingiza chini ya mto wake, akainyoosha tai.

"Waambie nimekipokea, nashukuru," alisema. "Na hilo la mimi kuwa mtu wao, waambie nitalifikiria."