Mama Alilia Msibani Bila Machozi, Sasa Ukoo Unamwita Kikaoni

Wapambanaji wenzangu wa ukurasa huu, hasa mabinti mnaoamriwa kunyamaza wakubwa wanapozungumza, nawasalimu. Admin, nifichie jina. Nina miaka ishirini na tatu, nasoma mwaka wa tatu chuo kikuu, na kwetu ni Didia, Shinyanga.

Mama yangu alitibiwa kwa mionzi saratani iliyoota nyuma ya pua. Akapona, tukashangilia. Miezi ikapita, macho yakawa mekundu, yakachoma kama yamejaa mchanga, kisha ukungu ukatanda. Mwenyewe alitania: "Siku hizi namwona baba yenu wawili, na huyo mmoja tu alinishinda!" Daktari wa macho alitueleza waziwazi: mionzi ilipita karibu na macho, ikakausha tezi za machozi na kuleta mtoto wa jicho. Akampa dawa ya matone na ya mafuta. Jicho likitulia, atafanyiwa upasuaji. "Msichelewe kumrudisha," alionya. "Jicho kavu likipata kidonda, kovu lake huenda lisifutike."

Kisha akafariki bibi, mama mzaa baba, ambaye mama ndiye aliyemuuguza. Msibani mama alilia mpaka sauti ikakatika, lakini chozi halikudondoka hata moja. Shangazi, aliyekuja kutoka Kalangalala, akawageukia wanawake: "Mmemwona wifi? Analia kwa mdomo tu. Na macho mekundu vile!"

Ndugu zangu, huku kwetu nani asiyejua mwanamke mwenye macho mekundu huitwa mchawi? Nikasimama: "Shangazi, tezi za machozi zimeungua!"

"Tezi gani? Wewe na chuo chako! Machozi yanatoka moyoni, mwanangu."

Wakacheka. Msibani, wakacheka!

Tangu hapo baba mdogo ameamuru mama asitoke nje mpaka ukoo ukae kikao kumjadili, kisha apelekwe kwa mganga huko Runzewe akaoshwe macho kwa dawa ya majani. Majani, kwenye jicho lisilo na machozi ya kujisafisha! Huo ndio ulinzi wanaompa mwanamke aliyeishinda saratani?

Kliniki yake ni Jumatano. Kikao nacho wamekiweka Jumatano hiyohiyo. Nilimpigia baba magoti akisogeze. Akajibu bila kunitazama, "Hospitali ipo siku zote. Wazee kuwakusanya ni kazi."

Nilimwomba mama tuondoke kimyakimya. Akanishika mkono: "Mwanangu, nikiondoka watasema nimekimbia kwa sababu ni kweli. Nikibaki, mwakani nitawasikia tu, sitawaona. Wewe umesoma. Amua, nitakufuata."

Nikimtorosha, huenda asipate tena pa kurudi. Nikimbakiza, nimeshiriki kumpofusha.

Nishaurini, nifanye nini? Basi la kwenda hospitali linapita alfajiri. Kikao ni Jumatano, saa nne asubuhi, uani kwetu.