Waya wa Pili

Sikumpenda mama mkwe wangu, na sioni sababu ya kujifanya leo. Alikuja kwetu mtaani Komarock wiki moja baada ya mazishi ya baba mkwe, na kabla hajamaliza chai yake ya kwanza alikuwa ameshaniambia kwamba sufuria zangu ni nyepesi, pazia ni fupi, na watu wa kwetu Ukambani hawajui kupika kuku. Kila kikombe nilichoosha alikiosha tena. Alikisuuza tu mbele ya macho yangu na kukipanga upya.

Alikuwa amebeba mayai ishirini na manne, ameyafukia katika ndoo ya unga wa mahindi. Kuku wote wa boma lake kule magharibi walikuwa wamechinjiwa waombolezaji. Walikuwa kuku wa marehemu, ukoo aliouanzisha mwenyewe mwaka walipooana, na mayai hayo ndiyo pekee yaliyobaki. Mume wangu, ambaye mdomo wake haujui kupumzika, alikuwa amemwambia kwamba mimi nina mashine ya kuangulia vifaranga.

Nilikuwa nayo kweli. Boksi jeupe jepesi, la aina ile wauza samaki hutilia barafu, na ndani yake balbu, feni ndogo, kipimajoto chenye kioo kidogo cha kuonyesha namba, na bodi moja isiyozidi ukubwa wa kiberiti, zile ambazo wanafunzi wa vyuo hununua mjini kufanyia miradi. Bodi ndiyo iliyofikiri. Ilisoma joto, ikawasha balbu na kuizima, ikaandika kila kitu kwenye kumbukumbu yake.

Mimi ni karani, sikusomea umeme. Nilijifunza mwenyewe wikendi, kwa video na kwa kuunguza vitu. Bodi ya kwanza niliichoma kwa adapta ya king'amuzi cha televisheni, kwa sababu tu kichwa chake kiliingia kwenye tundu nami nikadhani kinachoingia kinafaa. Ya pili niliichoma kwa kubadilisha chanya na hasi. Kwa hiyo hii ya tatu niliitunza. Volti tano, si kumi na mbili. Adapta nzima, si ya kuokota. Na kamwe usiipe umeme kutoka njia mbili kwa wakati mmoja: yangu ilitumia adapta, kwa hiyo ukitaka kuiunganisha na kompyuta, chomoa adapta kwanza. Hilo nililiandika kwa kalamu nene juu ya kifuniko.

"Sitaki mtu aguse hapa," nilimwambia mume wangu nilipomaliza kupanga mayai ndani, nikihakikisha mama yake ananisikia kule jikoni.

"Achana na mathe," akasema. "Hiyo kitu yako hata hawezi kuikaribia."

Aliikaribia kila siku. Asubuhi alivuta kigoda, akaketi kando ya boksi, akaimba nyimbo za kanisa kwa sauti ya chini kana kwamba anamlinda mgonjwa. Ilinikera kupita kiasi. Siku ya kumi nilimulika mayai kwa tochi ya simu, na ishirini yalikuwa hai, mishipa imetambaa na kitone cheusi kinarukaruka ndani. Mama akanishika mkono bila kujua. Nikautoa.

Siku ya kumi na nane ilikuwa Jumamosi. Nilifika nyumbani saa nane mchana, nikaona tepu niliyokuwa nimebandika kwenye soketi imebanduliwa, na adapta imehamia tundu la pili. Sikumwuliza mama. Kumwuliza kungempa nafasi ya kujieleza, na mimi nilitaka ushahidi. Nilichukua laptopu yangu, nikachomeka waya wake kwenye bodi nisome kumbukumbu. Adapta ilikuwa bado kwenye ukuta. Kiganja nilikiegemeza juu ya onyo langu mwenyewe.

Mistari ilianza kushuka kwenye kioo cha laptopu, na nikaiona: dakika tisa bila umeme, saa sita na nusu. Kisha mistari ikasimama. Sikujali, kwa sababu nilikuwa nimepata nilichokitafuta.

"Nani alichomoa mashine?"

"Ni mimi," akasema. Alikuwa akichambua mboga. "Stima ilikuwa inaenda ikirudi, inaenda ikirudi. Nikachomoa isiungue. Ilipotulia nikarudisha."

Kila nyumba mtaani hufanya hivyo. Mimi mwenyewe huchomoa friji.

"Dakika tisa, mama!"

"Hata kuku huondoka akale, wewe msichana. Halafu anarudi."

Nilimwambia kwamba amekuja kuniharibia nyumba na sasa ananiharibia kazi ya mikono yangu. Nilimwambia asiguse tena kitu asichokijua, na kwamba kama angewajali sana hao kuku asingeacha wachinjwe wote. Hapo aliacha kuchambua mboga, na mimi, nasema ukweli, nilifurahi. Nikabeba mkoba wangu nikaenda kwa rafiki yangu nyumba chache mbele, nikakaa saa tatu nikimsengenya.

Niliporudi, kioo kidogo cha mashine kilionyesha nyuzi thelathini na saba nukta saba, joto lilelile lililotakiwa. Nikaweka mkono juu ya kifuniko na nikauondoa haraka. Kilikuwa moto. Balbu ilikuwa inawaka na haikuwa inazimika. Bodi ilikuwa imekufa balbu ikiwa imewashwa, na ile namba ilikuwa ya saa nane, imeganda tu hapo. Waya wa laptopu ulikuwa bado umechomekwa, na adapta vilevile. Umeme wa njia mbili ulikuwa umekutana ndani ya bodi, na mkono ulioukutanisha ulikuwa wangu.

Nilisikia kandambili zake zikija. Nikazima soketi, nikachomoa waya wa laptopu, nikaukunja na kuutia mfukoni.

Alifungua boksi mwenyewe. Akatoa yai moja, akaliweka shavuni, akalirudisha, akatoa jingine. Mimi nikamulika yote ishirini, moja baada ya jingine, kwa sababu sikujua la kufanya. Hakuna kilichosogea ndani.

Mama mkwe akakaa sakafuni.

"Nilirudisha vibaya," akasema. "Ulinikataza, na mimi nikashika. Nimewamaliza kuku wa baba yenu kwa mkono wangu huu." Aliutazama huo mkono muda mrefu. "Nisamehe, mwanangu."

Nilimwambia nimemsamehe.