Prosesa Moja kwa Kila Kaya

Ilikuwa mwaka 2001. Hapana, nimekosea. Mwaka 2001 nilikuwa bado Yuba City kwenye mashamba ya plamu, na Tường alikuwa bado ana kazi yake kiwandani. Basi ni 2003. Sasa nina hakika, maana ndio mwaka gari langu lilipokufa injini pale Sunnyvale, na mimi niliyekuwa napita tu nikajikuta nimekaa.

Nililiegesha nyuma ya chumba cha kufulia, katika kile kiwanja cha nyumba za bati cha Barabara ya Almendra, namba 1180. Msimamizi wa kiwanja aliniacha nilale humo kwa sababu nilikuwa nafagia majani. Nyumba zilikuwa kama mia hivi, zimepangwa bega kwa bega, kila moja na mlango wake, namba yake na mita yake ya umeme. Ya Tường ilikuwa namba 41. Dirisha la jiko lake lilitazamana na kitanda changu, kwa hiyo tulisalimiana kabla hata hatujanawa uso.

Lưu Hữu Tường alizaliwa Mỹ Tho, akafika Kalifonia akiwa kijana, akaingia kiwanda cha mbao za saketi za kompyuta na kukaa humo miaka kumi na minane, akilehemu vipuri vidogo kuliko punje ya ufuta. Kiwanda kilipohamishiwa ng'ambo, wafanyakazi walikatiwa keki, wakapewa kila mmoja kikombe chenye jina la kampuni. Kile kikombe akawa anawekea skrubu. Alikuwa mwembamba, mpole wa maneno, na akicheka alicheka kwa mabega, sauti haitoki.

Tangu hapo akawa anaunda kompyuta juu ya meza ya kulia chakula na kuwauzia watu wa saluni za kucha na wauza simu. Mkewe, Hạnh, alizoea kula na bakuli mapajani.

"Nimeolewa na mwanamume," aliniambia siku moja, "sasa nakaa na karakana."

Mimi sikujua lolote kuhusu mambo hayo. Tường ndiye aliyenifundisha, gazeti la Ijumaa likiwa limetandazwa juu ya boneti ya gari langu, kwa kuwa lilikuwa haliendi popote.

"Kaka Alden, tazama hapa. Prosesa ndiyo inayofikiri. Madabodi ni huu ubao unaobeba kila kitu. Ukizinunua kila moja peke yake, unaumia. Lakini siku duka linataka watu wajae mlangoni, linazifunga pamoja, mume na mke, kwa bei ya mume peke yake."

"Kwa nini wafanye hivyo?"

"Ili ukiingia ununue na televisheni. Wewe unaingia, unachukua mume na mke, unatoka. Televisheni huitazami hata kwa jicho moja."

Ndivyo alivyoishi. Kila Ijumaa gazeti, mkasi, halafu foleni mbele ya lile duka kubwa la elektroniki kabla mlango haujafunguliwa. Akipata ubao mpya aliufungua taratibu, akauinamia, akaunusa. Alisema lehemu nzuri ina harufu yake.

Masika ya mwaka ule, Sista Colette wa shule ya jioni ya parokia alimwita. Alikuwa anafungua darasa la kompyuta kwa watu wazima, na alitaka mashine sita, zote za namna moja, ili wanafunzi wasigombee. Zikiwa tayari Jumatatu ya kufungua darasa, Tường angeajiriwa kuzitunza. Mshahara haukuwa wa kujivunia, lakini kazi ilikuwa na bima ya matibabu, ya kwake na ya mkewe.

Hapo ndipo palipokuwa na jambo lenyewe. Hạnh alikuwa na kisukari, na tangu kiwanda kihame alikuwa anajidunga dawa pungufu ili chupa ifike mwisho wa mwezi. Hakusema. Tường alijua kwa kutazama chupa.

Makasha, skrini na vikorokoro vingine alikuwa navyo, ameviokoteza miaka miwili. Zilipungua prosesa sita na madabodi sita, na madukani kwa bei ya kawaida asingeziweza.

Ijumaa ya mwisho kabla ya darasa tangazo likatoka. Mume na mke, bei ya kutupa. Tường alilisoma mpaka chini kabisa, kwenye yale maandishi madogo ya kusomwa kwa miwani.

"Zamani waliandika moja kwa kila mteja," alisema. "Safari hii wameandika moja kwa kila kaya."

"Ni shida?"

"Shida iko wapi? Mimi kaya, wewe kaya. Natafuta kaya nyingine nne."

Akazipata kabla kahawa haijapoa. Lorraine Dutra wa namba 43, mpishi mstaafu wa shule, mwenye nyonga mbovu na mdomo mzima. Orval Teague wa namba 17, aliyeendesha malori maisha yake yote. Na ndugu wawili wa Villaseñor, mafundi wa paa, mmoja namba 8 na mwingine namba 9, ambao siku hiyo mvua iliwanyima kazi. Tường alitugawia bahasha za hela, akanunua boksi la donati, tukaenda kwa pikapu ya Orval na gari la Lorraine.

Foleni ilikuwa imeshazunguka kona. Mbele yetu walisimama vijana wa mbio, wale wanaozilazimisha prosesa zikimbie kuliko zilivyoumbwa. Hao huchunguza muhuri uliopigwa juu ya chipu, wajue ilitengenezwa wiki gani, maana wanasema ziko wiki zilizotoa chipu kali na wiki zilizotoa goigoi.

Mmoja akamgeukia Orval. "Mzee, wewe unatafuta wiki gani?"

"Wiki ya pensheni," Orval akamjibu, mdomo umejaa donati.

Milango ikafunguliwa. Kule ndani muuzaji anakuandikia karatasi, unaipeleka kwa keshia, na boksi linatolewa kwenye kile chumba chenye wavu. Tường alikwenda wa kwanza. Keshia, binti mmoja mwenye kucha za buluu, akatazama kitambulisho, akabonyeza anwani, akampa boksi. Akafuata Lorraine.

"Samahani mama," binti akasema, "kaya yenu imeshachukua."

"Kaya gani?"

"Almendra 1180."

"Hiyo ni anwani ya kiwanja kizima, mwanangu. Mimi niko 43. Huyu bwana yuko 41. Katikati yetu kuna ukuta, na kuna kichaka cha waridi ambacho hataki kukikata."

"Nakuelewa mama, lakini mashine inasoma namba ya barabara tu. Hiyo nyingine haina pa kuiweka."

Lorraine akageuka polepole akamtazama Tường. "Kumbe wewe ni mume wangu. Miaka yote hii, na hukuniambia. Hạnh anajua?"

Mabega ya Tường yakacheka kidogo, yakaacha.

"Na mimi je?" Orval akauliza kutoka nyuma.

"Wewe ndiye mtoto wetu mkubwa. Vua kofia, uko ndani ya nyumba."

Foleni nzima ikacheka. Keshia naye akacheka, akajaribu tena kubonyeza, mashine ikakataa tena. Ndugu wa Villaseñor wakajaribu kwa keshia wa pili. Wakakataliwa vilevile.

Akaitwa meneja, kijana mwenye tai na adabu zake. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Mama, ningekuwa na uwezo ningewapa. Mwezi uliopita mtu mmoja alileta binamu zake kumi na wawili, wote wa nyumba moja kweli. Ofisi kuu ndiyo iliyofunga. Mimi mwenyewe siwezi kuifungua."

Tường akasogea, boksi lake chini ya kwapa. "Bwana meneja, siuzi mtaani. Ni za shule. Nahitaji sita."

"Najua, bwana. Pole sana."

Alisema pole ile kwa kumaanisha, na hiyo ndiyo iliyotuvunja nguvu, maana mtu wa namna hiyo huwezi hata kumgombeza.

Nikabaki mimi. Kitambulisho changu kilikuwa cha Oregon, cha Klamath Falls, kwa dada yangu, nyumba ambayo yeye mwenyewe alishaiuza. Binti akakitazama, akabonyeza, mashine ikakubali mara moja.

"Karibu Kalifonia, mzee," akaniambia, akanipa boksi.

Basi tukatoka na maboksi mawili, na watu wanne wenye bahasha ambazo hazijafunguliwa. Mvua ilikuwa manyunyu. Tường akakaa nyuma ya pikapu, miguu inaning'inia, akafuta miwani yake kwa shati lililolowa, jambo lisilosaidia.

"Nitamwambia Sista nimepata mbili," alisema.

"Yeye alisema sita," Orval akasema.

"Nimesikia alivyosema."

Ndipo yule kijana wa foleni akatoka, akasimama gari la pili kutoka letu, akafungua boksi lake palepale. Akaitoa chipu, akaigeuza kwenye mwanga kusoma muhuri wake, akapiga ngumi hewani. Ile madabodi, bado imo kwenye mfuko wake, akaiweka juu ya kitoroli cha duka na kufungua mlango wa gari aende zake.

"Wewe!" Lorraine akamwitia. "Mke unamwacha hapo?"

Kijana akatazama nyuma yake kama kuna mtu mwingine. "Mke gani, mama?"

"Huo ubao! Umechukua mume, mke unamwacha kwenye mvua?"

"Aa, huo. Ni ubao wa hali ya chini, mama, nyumbani ninao mkali zaidi. Mnautaka? Nipeni hela ya chakula cha mchana."

Tường alikuwa ameshashuka. Akaufungua mfuko, akauinamia, akaunusa. Akatoa hela.

Lorraine hakungoja. Akakung'uta makombo ya donati, akang'oa kifuniko cha boksi la donati, akampa Orval kalamu. Orval akaandika kwa herufi za dereva wa lori: NANUNUA MADABODI. Akakaa chini ya mwavuli karibu na njia ya kutokea, kile kifuniko cha rangi ya waridi kifuani. Vijana wakawa wanapita, wanacheka, mmoja anasema, "Mzee, unafungua duka?" naye anasema, "Nalifunga la jirani." Kabla ya adhuhuri tulikuwa na mbao nne, mpya, ambazo hazijaguswa.

Prosesa za kuzitia hatukuwa nazo mpya. Lakini Tường alikuwa na kopo la biskuti lenye chipu za zamani, za umbo lilelile, alizozitoa kwenye mashine zilizotupwa. Zilifanya kazi, ila zilikuwa nzito. Hilo halikumpendeza hata kidogo. Jumamosi na Jumapili akiziunda, alikuwa akisimama katikati ya kazi na kusema peke yake, "Alisema za namna moja."

"Atajuaje?" nikamuuliza. "Makasha yote yanafanana."

"Mimi nitajua, na nikiajiriwa nitakuwa najua kila siku."

Jumatatu tukazipeleka kwa pikapu. Akazipanga, akaziwasha, zote sita zikawaka. Sista Colette akapiga makofi. Tường akamkatiza, kofia mkononi.

"Sista, sikupata ulichotaka. Hizi mbili zinakimbia. Hizi nne zinatembea. Ndani ni chipu za zamani."

Sista akazizunguka meza zote. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye haraka, lakini safari hii alikwenda polepole.

"Zitaharibika?"

"Mkononi mwangu, hapana."

"Na za mbio ni zipi?"

Akamwonyesha.

"Basi hizo wape vijana. Mimi nipe ya kutembea, naandika kwa vidole viwili." Akatoa ufunguo wa darasa kwenye kitita chake. "Kesho saa kumi. Usichelewe, kuna mlango wa bafu pia unanisumbua."

Alizitunza mashine zile na nyingine zilizofuata mpaka nywele zikamwisha weusi. Zile chipu nne nzito alizibadilisha moja moja, Ijumaa kwa Ijumaa, bila kumwambia mtu.

Lakini nataka nieleze ile siku ya bima. Ilikuwa wiki ya pili ya kazi. Mwanamke wa kampuni ya bima alipiga simu, na Tường akamweka kwenye spika ili Hạnh naye asikie. Lorraine alikuwepo, amekuja kurudisha sufuria. Nami nilikuwa mlangoni.

"Bwana, katika kaya yako wamo nani?" sauti ikauliza.

"Mke wangu, Hạnh."

"Na mke mkubwa!" Lorraine akapaza sauti. "Mwambie na mke mkubwa yupo, nyonga inamuuma!"

Hạnh akacheka mpaka akafunika uso na kitambaa cha vyombo. Lorraine alicheka kuliko wote. Halafu akataka kuinuka, akashika ukingo wa meza, akabaki ameinama hivyo kwa muda, tusijue tutazame wapi. Alikuwa na miaka sitini na mmoja. Bima ya shule alikopikia ilikoma siku aliyoacha kazi, na ile ya serikali ya wazee, inayoanza miaka sitini na mitano, ilikuwa bado iko mbali.

Nikamwomba Tường anipe simu. Nikamweleza yule mwanamke habari ya duka, taratibu, tangu tangazo mpaka keshia, nikamwuliza swali langu. Akasema nisubiri kidogo. Ukaanza muziki, nikausikiliza wote, kisha simu ikakatika. Baadaye nilimwuliza meneja wa duka, nikamwuliza na Sista. Kila mmoja alicheka vizuri, akashika kazi yake. Sikuwa nafanya mzaha. Ikiwa kwa mashine ya duka sisi wote wa Almendra 1180 ni kaya moja, kwenye mashine ya bima huyu Lorraine anatolewa na nani?