Maji kwenye Ubavu wa Kulia

Mume wangu ni mchimbaji wa madini kwa mkono, nje kidogo ya Likasi, na kichwa chake ni kigumu kuliko mawe anayoyapasua. Alipoanza kuchomwa ubavuni kila akivuta pumzi, alikaza mkanda akaendelea kushuka shimoni. Nilimvuta kwa shati mpaka hospitalini. Picha ilionyesha maji mengi upande wa kulia, kati ya pafu na ngozi laini inayolizunguka. Tukapangiwa sindano ya kuyatoa, siku tatu mbele.

Nikadhani kazi ngumu imekwisha. Kwa miaka niliyoishi na mtu huyu, ningepaswa kujua.

Kesho yake jioni midomo yake ilikuwa imepasuka, na akisimama anayumba. Kwenye beseni la kufulia nikakuta maji yote niliyompa anywe. Nikamuuliza kama ananitafutia ugomvi.

“Mama, weye haujue kazi ya shimo,” akajibu, pumzi ikimkatika. “Maji ikiingia mu shimo, unafunga kwanza fasi yenye inaingilia. Kisha ndiyo unaleta motopompe ya kuvuta maji.”

Ndivyo wafanyavyo wachimbaji wote, na kule ni akili. Kitandani ni kujiua. Nilifoka mpaka majirani wakatoka. Sikuwa na hasira tu, niliogopa. Nikamwambia sitakuwa mjane wa mtu aliyekufa kwa kiu pembeni ya ndoo iliyojaa.

Asubuhi sikungoja siku yetu. Nikampandisha pikipiki ya kukodi, nikakaa nyuma yake nikimshikilia. Daktari alimsikiliza hadi mwisho, wala hakucheka.

“Papa, ile maji haitoke mu kinywa. Ni ile ngozi yenyewe iko mugonjwa, ndiyo iko inaleta maji. Kunywa, tuanze.”

Mume wangu alinitazama mimi, si daktari. Nikampa kikombe, akakimaliza. Kisha akainamia mto, sindano ikaingia mgongoni, na maji ya manjano yakashuka polepole kwenye chupa. Sikugeuza uso. Mbele yetu kulikuwa na dawa za miezi kadhaa za kuitibu ngozi ile, nami ndiye ningezisimamia; hilo sikulitilia shaka hata kidogo.

Walipomaliza, alijilaza chali, akafumba macho. Nikaweka kiganja upande wa kulia wa kifua chake, nikangoja. Kiganja kikainuka.