Bidoni ya Kitambaa Chekundu

Minova, Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa kumi. Mvua ilianza mbele ya jogoo kuwika, ikakatika, na ukungu ukabaki umekaa juu ya ziwa kama haujui kwa kwenda.

Nilitoka nyumbani kwa sababu ya magoti ya mama. Yaya Sifa, dada yangu mukubwa anayekaa Bukavu, mutaa wa Muhumba, alituma neno kwamba mama ahamie kwake, hospitali iko karibu. Mama hakujibu ndiyo wala hapana. Aliniita, akasema: «Enda uangalie na macho yako. Mujini watu wanakimbia. Mutu wa miguu mibaya, wanamungoja ao wanamuacha nyuma? Usiongeze, usipunguze.»

Hapo ndipo shida yangu ilianzia. Mama anakaa kwangu. Muke wangu anauza vitunguu sokoni, mimi niko shambani, na watoto wetu analea mama. Sikutaka aende. Na mutu asiyetaka kitu, macho yake yanaona mabaya tu. Kwa hiyo nilijiwekea sheria: kila baya moja la Bukavu, nitafute na zuri moja. Sijui kama hiyo ndiyo haki yenyewe. Masomo yangu yaliishia primaire, musomaji anivumilie.

Njiani nilipanda kamioni ya vitunguu, nikakaa mbele pembeni ya shofere. Mpaka Kalehe barabara ilitutikisa vibaya. Kutoka Kavumu ikawa nzuri. Shofere alipojua ninachoendea alicheka.

«Kwa magoti? Bukavu haiko na nafasi iliyolala, papa. Kule hata kitanda wanakiwekea jiwe chini ya muguu moja.»

Nililiweka kati ya mabaya, lakini nikakumbuka kwamba shofere ni mutu wa mizaha, nikalihesabu nusu.

Mchana tulishuka Nyawera, sokoni mwa Bukavu. Soko limemwagika mpaka barabarani. Wamama wamebeba magunia mugongoni, kamba ikipita kwenye paji la uso, na wenye moto, zile pikipiki za abiria, wanapita katikati yao kama maji katikati ya mawe. Nilisalimia kila niliyekutana naye, kama kwetu. Aliyeitika ni muuza karanga peke yake, na yule alikuwa na sababu yake. Hilo ni baya. Zuri lake ndilo hili: niliona papa wa koti na kravati akishuka kwenye moto, matope mpaka kwenye soksi. Akatoa kitambaa mufukoni, akapangusa viatu polepole, kisigino mpaka ncha, ndipo akaingia ofisini. Nyuma yake mwengine akafanya vile vile. Muji wenye matope mengi namna ile, na viatu vinang'aa! Nilibaki nimesimama mpaka mwenye moto akanipigia honi: «Papa, weye ni mulingoti?»

Jioni, kwa yaya, hakukuwa na umeme. Nilikuwa namueleza habari ya salamu, umeme ukarudi, na mulima muzima ukapiga kelele kwa sauti moja, «Eeeeh!», watoto, wakubwa, hata yaya na sufuria mukononi.

«Ulisema hawasalimii,» akaniambia. «Haya, itika.»

Nikaitika. Nilisikia haya kidogo, lakini niliitika.

Kesho yake asubuhi robineti, bomba la maji la nyumbani, ilikuwa imekauka. Nilichukua bidoni ya yaya, dumu lake la maji, nikashuka kwenye robineti ya wote, chini ya mutelemuko. Nilikuta bidoni za manjano zimepangwa mustari murefu, na mutu hata mumoja hayuko. Maji yalikuwa yameanza kutoka. Nikafikiri wenyewe wamechoka kungoja, wamerudi nyumbani. Nikaweka bidoni yangu mbele, nikajiona mwerevu.

«Weye!» Wamama wakatoka chini ya baraza walikojikinga manyunyu. Aliyetangulia anaitwa maman Nabintu. «Umeruka watu wote hawa?»

«Maman, sikuona watu. Niliona bidoni.»

«Na hizo bidoni zilikuja na miguu yao? Kila moja ni mutu. Unatoka wapi?»

«Minova.»

«Njo vile. Mwenye ziwa mulangoni hajui kupanga mustari. Nyuma, papa!»

Walicheka, nami nikaenda mwisho. Walikuwa na haki.

Mustari uliposogea, kila mutu alisukuma bidoni yake na muguu. Lakini mbele yangu kulikuwa na moja yenye kitambaa chekundu kimefungwa kwenye mushikio, na mwenyewe haonekani. Nikaingojea isogee. Haikusogea.

«Ni ya nani?» nikauliza.

«Ya Koko Feza,» akasema maman Nabintu. Koko ndivyo wanavyoita mama muzee. «Wa ile nyumba ya juu. Magoti yake hayashuki tena.»

«Na nani anaisukuma?»

«Aliye nyuma yake. Leo ni weye. Sukuma basi, unatuchelewesha!»

Nilisukuma. Nilijaza yake kwanza, nikapanda nayo. Koko Feza alikuwa amekaa mulangoni, akaiangalia bidoni mbele ya kuniangalia mimi.

«Weye ni mupya. Wengine wanajaza mpaka juu.»

«Nisamehe, koko. Kesho nitajaza.»

«Aksanti. Mimi sitoki hapa, lakini bidoni yangu inaniletea wageni kila siku.»

Nilishuka na uzito moyoni. Nilichotumwa kutazama nilikuwa nimekiona, na hakikuwa upande wangu. Nilijua ningeweza kukiacha kwenye masimulizi, na hakuna mutu Minova angejua.

Alhamisi nilirudi, jua kali. Jioni mama alikaa mukekani akanisikiliza. Nilianza na mabaya: mitelemuko, matope, robineti kavu, salamu zisizoitikwa. Muke wangu aliniangalia kwa furaha. Mama alikuwa anatikisa kichwa.

«Ni vyote?»

Nilikunywa maji kwanza. Kisha nikamueleza bidoni ya kitambaa chekundu, mpaka neno la mwisho.

«Na huyo wa nyuma,» mama akauliza, «anasukuma kwa hasira?»

«Hapana. Mimi ndiye walinikaripia, kwa kuchelewa kusukuma.»

Mama alishika ukuta, akasimama, akaenda kwenye sanduku lake. Alitoa kitenge chake kikuukuu, akapasua kipande kirefu cha kijani, cha kufunga kwenye bidoni.

«Chekundu iko na mwenyewe,» akasema.

Nilijifunza kidogo tu, na sina hakika kama nakisema vizuri: mujini nilitafuta salamu kwenye midomo, kumbe nyingine iko kwenye miguu. Muke wangu alipakua bugali ya mihogo, mboga ya lengalenga, na sambaza, vile visamaki vya ziwa, za kukaanga. Mama aliniongezea sambaza kutoka sahani yake, kama zamani, na mimi nikazila zote.