Uliza Kwanza Ni Nani Anayesimulia

Siku ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu, ni ile Mwalimu Nekesa alipoandika ubaoni neno moja tu: msimulizi. Macho yangu yamechoka, na vitabu vya fasihi nilivifundisha mpaka nikastaafu, lakini kwa vile umeniuliza maneno haya ya fasihi unayokariri yana kazi gani, kaa nikwambie.

Nilikuwa kidato cha tatu. Baba alikuwa na duka katika mtaa wa Munyaka, na nyumbani kulikuwa na hadithi iliyorudiwa kila Krismasi, kwamba mdogo wake, anko Karanja, hakuja kumzika mama yao. Kwetu sisi watoto, anko alikuwa mhusika mbaya, basi. Hatukumtembelea. Hata kwenye maombi hakutajwa.

Siku hiyo Mwalimu akatuambia, "Anayesimulia huona kutoka pale aliposimama. Usimhukumu mhusika kabla hujajua ni nani anayekupa habari zake."

Nililala na maneno hayo, nikaamka nayo. Jumamosi nikaenda Kesses, ambako anko alikuwa akilima. Mama alijua ninakoenda, hakunizuia. Nilimkuta anko akipukuchua mahindi, nikamwuliza kwa nini hakuja mazishini.

"Nilikuja," akasema. "Ujumbe waliupeleka mtaa wa West Indies nilikokuwa nikiishi, na mimi nilikuwa nimeshahama. Nilipofika, nyanya yako alikuwa ameshazikwa. Baba yako alinikuta kwa geti, akaniambia nirudi nilikotoka. Nikarudi."

Jioni nilimkuta baba akifunga duka.

"Baba, anko alikuja?"

Alikaa juu ya gunia.

"Alikuja," akasema. "Nilikuwa na uchungu. Hiyo sehemu sijawahi kuambia mtu."

Jumapili baada ya kanisa baba alienda Kesses peke yake. Waliyosemezana sijui mpaka leo. Alirudi na mfuko wa viazi, akala, akalala mapema. Tangu hapo walitembeleana, ingawa hawakuwahi kuchekeshana kama ndugu wengine. Miaka waliyonyimana ilikuwa mingi, na mtu huchoka hata kusamehe.

Kwa hivyo usikariri maneno haya kwa ajili ya mtihani tu. Utaulizwa mgogoro ni nini, nawe utajibu ni mvutano kati ya wahusika. Sawa, utapata alama zako. Lakini ujue kwamba mvutano huo hula watu. Dhamira nayo, lile jambo ambalo hadithi inataka ulishike, usilimeze kabla ya kumchunguza msimulizi na kuuliza ameacha nini nje, hata akiwa baba yako, hata nikiwa mimi. Ukiletewa habari mbaya za mtu, nenda umsikie mwenyewe angali hai.

Mungu akupe masikio ya subira, mwanangu, na mlangoni pako asifukuzwe mtu kabla hajasema lake.